Chini ya Kitanda cha Mkwe

Jumanne, 3 Juni

Sare mbili za kipaimara. Suruali moja ya kupunguza kiuno. Mwenyewe anasema amekonda kwa mawazo, mimi naona ni njaa. Cherehani inalia upande wa kushoto. Nimeipa mafuta, bado inalia. Tumezeeka wote.

Jioni mazoezi ya mchezo wetu barazani kwangu, kama kila Jumanne. Nimevaa gauni la mama mkwe kwa mara ya kwanza. Kifuani nimejaza pamba aliyoleta Kulwa kutoka kwao Samuye, pamba safi, daraja la kwanza. Mama Yohana kacheka mpaka kakaa chini. Kulwa kasema, "Baba Minza, ungezaliwa mwanamke ungekuwa umeshaachika mara tatu."

Nina miaka hamsini na mbili, kitambi na goti bovu. Na ndimi mwanamke mzuri kuliko wote Ushirombo. Naandika hapa kwa sababu mke wangu amekataa kusikia.

Ijumaa, 6 Juni

Niuandike mchezo wetu kwa kifupi, maana hauko popote ila vichwani mwetu.

Mzee Lugata anaota dhahabu iko chini ya nyumba yake. Anachimba sebuleni. Anachimba jikoni. Mkanda wa dhahabu unaelekea chumba cha wageni, na humo kalala mama mkwe wake, aliyekuja kusalimia siku mbili na sasa ana miezi. Mkwilima, yaani mume wa binti, haingii chumba cha mama mkwe. Hampi mkono. Hali naye sahani moja. Akikutana naye njiani anapisha majanini. Na dhahabu iko chini ya kitanda cha huyo mama. Basi, mzee anahangaika na mkwe haondoki.

Kuchimba ni wazo la Kulwa. Zamani alikuwa mchimbaji, sasa ana mashine ya kusaga mahindi. Mkwe ni wazo langu. Nyimbo ni za Mama Yohana, muuza asali na mwalimu wa kwaya yetu parokiani. Tumeimba pamoja miaka kumi: yeye sauti ya kwanza, Kulwa besi, mimi popote penye nafasi.

Kimebaki kitu kidogo tu. Mwisho. Mzee anapata dhahabu au hapati?

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Misa ndefu, kanzu ya padre imefumuka mkononi, na macho yangu hayakuona kingine. Kazi ikiingia damuni ni ugonjwa.

Nje ya kanisa tumegusia mwisho wa mchezo. Kulwa: apate. Mama Yohana: asipate. Wamesema kwa pamoja, wakacheka. Nikasema tumuulize mkwe. Tukacheka tena, tukaenda kula.

Jumanne, 10 Juni

Leo hawakucheka sana.

Mama Yohana kasema, "Mkimpa dhahabu huyo mzee, mnawaambia watoto watupe vitabu waende mashimoni."

Kulwa kasema, "Mtu atembee kutoka kijijini kuja kutazama shimo tupu? Shimo tupu analo kwake."

Nikaleta suluhu. Nikasema asipate dhahabu ya ardhini, apate jino la dhahabu la mkwe, limedondoka chini ya kitanda. Walinitazama kama kuku aliyeingia kanisani. Watu hawajui wazo zuri hata likiwakanyaga.

Mazoezi tumekatisha mapema. Kahawa imebaki kwenye birika. Nimekunywa mwenyewe yote na sasa moyo unadunda.

Alhamisi, 12 Juni

Kulwa kaja dukani peke yake. Hakukaa. Kauliza niko upande gani. Nikamwambia wako. Kabla ya chakula cha mchana Mama Yohana kapita na ndoo yake ya asali, kauliza hilohilo. Nikamwambia wako.

Wote wameondoka wamefurahi. Siku nzuri. Nafikiri nina kipaji cha uongozi ambacho chama chochote hakijakiona.

Jumatatu, 16 Juni

Mazoezi ya kwaya. Kulwa kachelewa, kasimama mlangoni, kaimba akitazama nje. Mama Yohana kaongoza akitazama dirisha. Wimbo bila besi ni kama nyumba bila sakafu. Tumezama wote hadi kwenye "Amina".

Mke wangu, Mama Minza, kasema, "Acheni huo mchezo mbaki na watu." Nimemwambia hajui sanaa. Kasema anajua kupika, na ya leo nijipikie.

Nimekula mkate.

Jumanne, 17 Juni

Wazo langu bora mwaka huu. Limenijia nikitia uzi kwenye sindano.

Babu yangu alikuwa mcheza ngoma. Wazee wetu walipobishana ngoma ya nani ni kali, hawakukaa kikao. Mahindi yakishavunwa, walitafuta uwanja mmoja, makundi mawili, huku na huku, ngoma zinaanza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru. Wanakwenda wanakovutwa. Mwisho unatazama duara la nani limejaa, na hakuna cha kujadili. Miguu ya watu imeshaamua.

Sasa mavuno yameisha. Uwanja wa mpira upo. Kulwa achukue goli la mashariki na mwisho wake, Mama Yohana goli la magharibi na wake. Atakayejaza watu, mwisho wake ndio mwisho. Tunaungana tena, tunasonga.

Nimewapelekea wote. Wamekubali papo hapo. Nilitegemea nibembeleze kidogo, nilikuwa nimeandaa na methali. Sikuzitumia.

Babu angejivunia.

Jumamosi, 21 Juni

Sasa tuna makundi mawili. Kulwa kachukua vijana wa mashine na wachimbaji wa zamani. Mama Yohana kachukua wanakwaya. Wa Kulwa wamefunga vitambaa vyekundu. Wa Mama Yohana wana vya bluu, nimewakatia mimi. Vyekundu pia nimekata mimi.

Maneno yameanza. Mambo ya ngoma hayakosi dawa. Zamani kila kundi lilitafuta ya kuvuta watu, na la pili likatafuta ya kuvuruga. Wanakwaya wanasema Kulwa kaenda Samuye karudi na kifurushi. Nakijua kifurushi. Ni pamba ya kifua changu, ile ya kwanza ililowa jasho. Nimewaambia. Wakasema, naam, hivyo ndivyo mtu mwenye dawa angesema.

Wa Kulwa wanasema Mama Yohana kaonekana akinyunyiza maji ya baraka kwenye nguzo za goli. Hilo ni kweli. Nimemuuliza. Kasema alikuwa anatuliza vumbi.

Barazani kwangu Jumanne hakuji mtu siku hizi. Mabenchi matatu yanaangaliana.

Alhamisi, 26 Juni

Tatizo la mkwe. Kila upande umepata Mzee Lugata wake: Kulwa mwenyewe kule, mwenyekiti wa kwaya huku. Mkwe hakuna. Wamejaribu wengine. Mmoja ana sauti kama trekta, mwingine anaona haya. Wamenijia wote wawili. Nimesema sawa mara mbili.

Wamejua, mji huu ni mdogo. Kulwa kasema, "Shauri lako na goti lako." Mama Yohana kasema hilohilo kwa maneno ya Kikristo. Hakuna aliyekubali kuniacha. Sikumbuki lini nimegombaniwa hivi. Hata Mama Minza hakugombaniwa hivi, na alikuwa mzuri.

Hesabu yangu ni rahisi. Mkwe anaonekana kidogo kidogo. Kulwa ana nyimbo ndefu za kuchimba. Mama Yohana ana sala ndefu. Wakati huku wanaimba, niko kule. Wakati kule wanasali, niko huku. Nitakimbia katikati. Gauni lina mpasuo.

Jumatatu, 30 Juni

Mama Yohana kaleta kitambaa cha shati la mwanae. Yohana yuko machimboni upande wa Geita, mwaka wa pili sasa, aliacha chuo. Anakuja kwa ajili ya mchezo. Kaahidi. Nimemuuliza vipimo, kanipa vya zamani. Nikamwambia huenda kakonda. Kasema, "Shona hivyohivyo, Baba Minza. Shona kama alivyokuwa."

Nimeshona.

Mchana nimepeleka mahindi kusaga. Mashine imezimwa. Kulwa yuko peke yake ndani, magoti chini, anapekua vumbi la sakafu kwa mikono miwili, midomo inacheza. Anafanya mazoezi ya kupata dhahabu. Nikamwambia, "Unasali, au umedondosha meno?"

Kasimama, kapangusa magoti, kawasha mashine. Hakucheka. Siyo kawaida yake. Huyu mtu nikisema "kijiko" anacheka.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeshinda. Naanza na hilo.

Watu wamejaa uwanja mzima. Ngoma zimeanza pamoja, goli hili na goli lile, vumbi hadi magotini. Kila upande kitanda, kila upande shimo. Mzee wa ngoma aliyealikwa kuamua kakaa kwenye kiti chake mstari wa katikati, kofia usoni, kama amelala.

Nimeanzia kwa Kulwa. Nimeingia na beseni kichwani, nimekaa juu ya kitanda, kimelia, watu wameangua kicheko. Wameanza kuchimba na kuimba. Nimekamata gauni, nimekimbia magharibi. Nikafika natweta, nimekaa juu ya kitanda cha pili, wanakwaya wameanza sala. Nimekimbia mashariki.

Safari ya kwanza watoto wamenifuata. Ya pili, kina mama. Ya tatu nasikia vigelegele mgongoni, natazama nyuma, nusu ya uwanja inakimbia nami. Goti limeuma. Nimesimama katikati kupumua, ziwa moja limeteremka tumboni, nikalirudisha mahali pake kwa heshima. Watu wameanguka chini. Mtu ukishaona watu wameanguka chini kwa ajili yako, unafanyaje? Nikawaambia, "Mwanangu mmoja, wakwilima wawili, na hakuna hata mmoja aliyenipa maji!" Nikamwamkia yule mzee wa ngoma kwa Kisukuma, "Mwadila, baba," nikamuuliza kama ana mke. Kavua kofia. Kumbe alikuwa macho.

Basi sikuondoka tena katikati haraka. Nilikuwa nakwenda hatua chache huku, narudi. Hatua chache kule, narudi. Duara limenizunguka mimi. Kijana mmoja mbele kabisa kashika mbavu, machozi yanamtoka, shati jipya limempwaya mabegani. Nikalitambua shati. Yohana.

Nimesikia upande wa mashariki ngoma zimenyamaza, na Kulwa kapiga kelele ya kuona dhahabu. Lakini kakosea maneno. Kasema, "Doto, nimeuona!" Kwenye mchezo wetu hakuna Doto. Sauti yake ilikuwa kubwa, imepasuka. Waliokuwa kule walikuwa wachache. Magharibi wanakwaya walikuwa wameshafika wimbo wa mwisho, ule wa shimo tupu. Nao wachache.

Mzee wa ngoma kasimama, katazama goli, katazama goli, katangaza: duara lililojaa ni la katikati. Ameshinda mkwe. Wamenibeba. Wamenizungusha uwanja. Beseni limepotea.

Mke wangu kanikanda goti kwa maji ya moto. Kacheka naye, nimemwona. Nalala mshindi.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani Kulwa hakuja. Mama Yohana kaongoza wimbo mmoja, kakaa.

Nimemsalimia nje. Kaitika vizuri. Yohana keshaondoka alfajiri na gari la Geita. Nikasema, nilimwona, alifurahi kweli. Kasema, "Alifurahi. Aliniambia, 'Mama, yule mkwe kanivunja mbavu.' Nikamuuliza na mwisho je? Kasema, 'Mwisho gani?'"

Kisha kafunga kitambaa chake vizuri. "Nilimwita aje aone kitu kimoja tu, Baba Minza."

Akaenda. Mimi nilibaki nimeshika kofia yangu kama mtu anayeomba kazi.

Jumanne, 8 Julai

Nilimshonea shati lile. "Shona kama alivyokuwa." Nilisikia kwa masikio haya mawili. Nikafikiria mabega tu.

Sare hazishoneki leo. Nimefumua mkono mmoja mara mbili.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda kwa Kulwa. Kanikaribisha, kanipa kiti chenye mgongo, maji ya kunawa, ugali na dagaa. Kauliza hali ya goti. Hajanikasirikia. Hilo ndilo baya. Rafiki wa miaka kumi anapokupa kiti cha wageni, ujue umeshakuwa mgeni.

Kasema, "Ulichekesha, Baba Minza. Kweli ulichekesha." Halafu kaenda kufungulia wateja mashine.

Mkewe, Mama Holo, kanisindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza Doto ni nani. Kasema, "Mume wangu anaitwa nani?"

Kulwa.

Naandika nikiwa na haya. Kila mtu huku kwetu anajua. Kwa mapacha, Kulwa hutoka kwanza, Doto humfuata. Hakuna Kulwa asiye na Doto. Miaka kumi namwita jina, kila siku, kanisani, dukani, kwenye mazoezi, na sijawahi kuuliza pacha wake yuko wapi.

Mama Holo kanieleza pale pale tumesimama. Walikuwa machimboni wote wawili. Doto chini shimoni, Kulwa juu ameshika kamba. Doto kapiga kelele kutoka chini kwamba ameuona mkanda wa dhahabu. "Kulwa, nimeuona!" Halafu udongo ukashuka. Waliufukua kumtoa, wakamzika. Mkanda hakuna aliyerudi kuutafuta. Kulwa hajui mpaka leo kama kweli aliuona.

"Ndiyo maana alitaka yule mzee apate," kasema. "Angalau kwenye mchezo."

Nimerudi kwa miguu. Sikupanda bodaboda.

Ijumaa, 11 Julai

Ninavyoona mimi, na mimi si mjinga siku zote: hatukuwa na mchezo mmoja. Tulikuwa na mitatu ndani ya nyumba moja. Wa Kulwa ulikuwa wa mfu. Wa Mama Yohana ulikuwa wa mtoto aliye hai. Wangu ulikuwa wa kuchekesha watu, nao ulikuwa mzuri, siukani. Ila wao wawili walikuwa na mtu wa kumpelekea. Mimi nilikuwa na kioo.

Tungesema hayo mwanzoni? Nani angesema? Unaanzaje? Unakunywa kahawa, unapiga soga, unadhani mnacheka kitu kimoja.

Cherehani imeacha kulia. Sikuigusa. Yenyewe tu.

Ijumaa, 18 Julai

Sifa zimefika mbali. Nimealikwa harusini Runzewe, mkwe peke yake, awachekeshe wageni. Nilikwenda. Nikavaa, nikaweka pamba, nikaingia na beseni jipya. Walicheka mwanzo. Halafu nikakaa kwenye kitanda, nikasubiri. Hakukuwa na mtu anayechimba chini yake. Hakukuwa na mzee mlangoni anayeogopa kuingia. Mkwe bila mkwilima ni bibi kizee tu aliyevaa vibaya.

Bi harusi kanionea huruma, kanipa soda.

Jumanne, 22 Julai

Nimejaribu kuunganisha. Nimepanga mabenchi matatu, birika la kahawa, karanga. Nimewatumia ujumbe wote, wa heshima, usio na utani hata mmoja; umenichosha kuuandika. Kulwa kajibu ana mahindi ya watu. Mama Yohana kajibu ana mizinga ya kurina. Wote wameniombea afya.

Nimekaa nikamkumbuka babu. Alishinda na kushindwa maisha yake yote viwanjani. Najaribu kukumbuka hata mara moja kundi lililoshindwa likaenda kucheza ngoma na lililoshinda. Hakuna. Lililoshindwa hurudi nyumbani kujiandaa kwa mwaka unaofuata. Ngoma haziunganishwi uwanjani. Uwanjani zinazaliwa mbili, na zinabaki mbili. Babu alilijua hilo. Ndiyo raha yenyewe ya ngoma. Mimi nikawachukua marafiki zangu wawili nikawapeleka huko, eti wapatane.

Karanga nimekula.

Jumapili, 27 Julai

Holo, binti wa Kulwa, kaja baada ya misa. "Shikamoo baba." Marahaba. "Baba anasema, kama halina kazi, anaomba lile gauni."

Kundi la Kulwa linakwenda kucheza machimboni upande wa Geita wiki hii. Mkwe atakuwa Mama Holo mwenyewe. Mkewe wa ndoa acheze mama mkwe wake! Watu watasema. Lakini nikafikiri: huyo ndiye pekee asiyemchekea anapopiga magoti.

Nimemwambia Holo aje Alhamisi. Mama Holo ni mwembamba, lazima nilipunguze. Nimefumua kiuno. Nimepunguza urefu. Mpasuo wa kukimbilia nimeushona, ukafungika.

Ni kazi ya saa moja. Nimeichelewesha siku nzima.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekwenda machimboni. Sikualikwa, sikukatazwa. Gari hadi njia panda, kisha bodaboda, vumbi kama unga. Nimesimama nyuma kabisa. Kofia nimeivuta chini kama mwizi wa kuku.

Nikamwona Mama Yohana. Kasimama upande wa pili na ndoo yake. Tukaonana. Kanipungia, akasogea.

"Nimekuja kuuza asali," kasema.

Ndoo ilikuwa imefungwa kwa mpira. Haikufunguliwa siku nzima.

Nikamuuliza kama Yohana yupo. Kasema yupo, kaonyesha kwa kidevu. Kijana kakaa mbele na wenzake, matope hadi shingoni, bila shati jipya.

Wamecheza. Mama Holo si mkwe wangu. Hana beseni, hatembezi kiuno. Anakaa tu kitandani ananyamaza, anamtazama Kulwa. Watu walicheka kidogo kidogo, kicheko cha chini. Kisha ikafika sehemu ya mzee kushindwa kuvumilia. Kwangu mimi ilikuwa sehemu ya kuchekesha kuliko zote. Mama Holo kasimama, kasogeza kitanda mwenyewe, katoka nje, kamwachia mlango. Hilo hatukulifanyia mazoezi kamwe. Kulwa kaingia. Kapiga magoti. Kachimba kwa mikono.

"Doto, nimeuona!"

Wachimbaji hawakupiga makofi. Mmoja kavua kofia ya kazi. Halafu mwingine. Halafu safu nzima. Kila mmoja pale ana aliyemwacha chini. Na mimi nikavua yangu, nikasahau kuwa nilikuwa nimejificha.

Yohana hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake.

Mama Yohana alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha kasema, "Mimi bado naona asipate."

"Najua."

"Septemba tunacheza wa kwetu, uwanja wa parokia. Yohana kasema atakuja." Kakaza mpira wa ndoo. "Sikumwomba. Kasema mwenyewe."

Kulwa alipita karibu nasi akibeba mguu mmoja wa kitanda. Kasimama. Tumesalimiana. Kamuuliza Mama Yohana hali ya nyuki. Kaniuliza goti. Nikamwambia linakusalimu. Kacheka. Siyo kile kicheko cha kijiko, ila kilikuwa kicheko. Kisha kijana wake kamwita, lori linaondoka.

Mama Yohana kapanda gari lake, mimi langu.

Jumapili, 3 Agosti

Misa ya kwanza. Kulwa alikuwepo, besi, karibu na mlango. Mama Yohana aliongoza. Hawakutazamana, lakini "Amina" haikuzama.

Mchana kimya. Mama Minza kalala. Nimefungua duka kidogo tu, mlango nusu.

Nakata gauni jipya, la mkwe wa Mama Yohana. Kampata mwanamke wa sauti ya pili, mnene, mcheshi kiasi. Kitambaa cha maua makubwa. Kulwa kanirudishia pamba niliyoipeleka pamoja na gauni. Mama Holo hakuitumia. Nimeimwaga mezani, nimeichambua, nimetoa vumbi la uwanjani. Ilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Kifua changu kilikuwa kitu.

Nimeigawa mafungu mawili. Moja nimeweka kwenye gauni hili. La pili nimelifunga kwenye mfuko, nimeandika juu yake "Mama Holo". Akibadili mawazo.

Hakuna kati yao atakayekuwa na umbo kama langu. Lakini itawatosha.